Kitabu cha uuguzi husomwa kikiwa kimefungwa

Mwanafunzi wa uuguzi amemaliza sura ya moyo kushindwa kufanya kazi. Kurasa 40, saa mbili na ushei, kalamu za rangi tatu. Kila ukurasa una njano, kijani na waridi, na pembeni ameandika "muhimu". Kesho yake mkufunzi anamuuliza: mgonjwa wako anatumia furosemaidi (dawa ya kutoa maji mwilini) na digoksini (dawa ya moyo), mapigo ya moyo ni 54 kwa dakika, majibu ya maabara yanaonyesha potasiamu 3.0 mmol/L, utafanya nini kabla ya kumpa dawa za asubuhi? Kimya. Anachokumbuka ni mahali jibu lilipo: ukurasa wa kushoto, chini ya jedwali, palipopakwa kijani. Maneno yenyewe hayaji.

Mwanafunzi huyu si mvivu wala si mzito wa akili. Amefanya kazi kubwa, ila amefanya kazi tofauti na ile atakayodaiwa. Wodini hakuna atakayemfunulia ukurasa amuulize kama anautambua. Mgonjwa atabadilika ghafla, na maarifa itabidi yatoke kichwani bila kuitwa na mwandiko wowote. Kutambua ni kitu kimoja, kukumbuka ni kingine, na kusoma tena na tena hunoa kile cha kwanza tu. Ndiyo maana ukirudia sura mara ya tatu unaiona nyepesi: macho yameizoea, nawe unadhani umeielewa.

Hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu matini fupi. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kusoma. Jingine lilipewa kipindi kimoja cha kusoma na vitatu vya kuandika kila walichokumbuka, matini ikiwa imeondolewa. Baada ya dakika 5, waliosoma tu walikuwa mbele, asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walibaki na asilimia 40, waliojipima asilimia 61. Na waliosoma tu ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba hawatasahau. Mwaka 2013 mwanasaikolojia John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu 10 za kujifunza. Kupigia mstari na kusoma tena viliwekwa kwenye kundi la manufaa madogo, kujipima na kutawanya marudio vikawekwa juu kabisa.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki: zaidi ya nusu ya muda wa kusoma uuguzi utumike kitabu kikiwa kimefungwa. Wanafunzi wengi hawafikishi hata sehemu ya kumi, na wakiambiwa wanajibu kwamba kurasa ni nyingi mno kuweza kupoteza muda hivyo. Hesabu yao ndiyo yenye kasoro. Ukurasa uliosomwa na kusahaulika utalazimika kusomwa tena usiku wa kuamkia mtihani, na mara hiyo utasomwa kwa hofu.

Tuanze na kukifungua. Sura ya kitabu cha uuguzi haisomwi kama hadithi, kutoka mwanzo kwenda mwisho. Anza nyuma: soma maswali ya mwisho wa sura, kisha malengo ya mwanzo, kisha majedwali na michoro, kisha sehemu ya huduma ya muuguzi. Dakika 10 zinatosha. Jaribu kujibu maswali yale hata kama hujui kitu. Kukosea hapo hakudhuru, kwa sababu akili inayotafuta jibu hulishika likipita. Mwanasaikolojia Francis Robinson alipendekeza mpango wa namna hii mwaka 1946, wenye hatua tano: kupitia juujuu, kuuliza, kusoma, kusimulia, kurudia. Wanafunzi wengi wameusikia. Wanachoruka ni hatua ya nne, kusimulia, ambayo ndiyo yenye uzito wote.

Baada ya hapo soma kipande kidogo, kurasa 6 hadi 8, kwa dakika 20 hivi, bila kalamu mkononi. Funga kitabu. Chukua karatasi tupu uandike ulichokipata kwa dakika 10: maneno yako, mishale, michoro mibaya, chochote. Ukikwama usifungue, kaa na ule mkwamo angalau dakika moja, maana hapo ndipo kazi inapofanyika. Kisha fungua, na kwa kalamu ya rangi nyingine jaza ulichokosa na sahihisha ulichokosea. Rangi hiyo ya pili ndiyo ramani yako ya kesho. Kitabu kizima kikipakwa njano hakikuonyeshi chochote, lakini karatasi yenye rangi mbili inakuonyesha kwa usahihi usichokijua.

Kinachoharibu zoezi hili ni kunakili. Mwanafunzi anasoma sentensi, anaigeuza kidogo, anaiandika daftarini kitabu kikiwa wazi, na jioni ana kurasa tisa za maandishi mazuri. Huo ni uchapaji, maana kumbukumbu haikufanya kazi. Notisi za namna hiyo, na madesa yanayorithiwa kutoka darasa lililotangulia, yana kasoro moja: aliyefikiri ni mwingine.

Sasa karatasi ile tupu ijazwe na nini? Wengi huandika orodha: dalili, sababu, vipimo, matibabu, madhara. Orodha ni ngumu kushika kwa sababu vitu vyake havishikani. Kinachoshikana ni mnyororo wa sababu. Turudi kwenye sura ile ya moyo. Moyo unasukuma damu kidogo. Figo zinapata damu kidogo na kudhani mwili umepungukiwa maji. Zinatoa renini, kimeng'enya ambacho mwishowe huleta homoni ya aldosteroni, nayo inazuia chumvi na maji visitoke. Maji yanaongezeka katika mwili ambao moyo wake tayari umelemewa. Upande wa kushoto wa moyo ukishindwa, msongamano unarudi mapafuni: mgonjwa anakosa pumzi, hawezi kulala chali, mapafu yanasikika yakikwaruza. Upande wa kulia ukishindwa, msongamano unarudi mwilini: mishipa ya shingo inatuna, ini linavimba, miguu inajaa.

Mnyororo huo ukishakaa, huduma ya muuguzi inajitoa yenyewe wala haihitaji kukaririwa. Kwa nini mgonjwa anakalishwa wima? Ili damu inayorudi kwenye moyo ipungue na mapafu yapate nafasi. Kwa nini anapimwa uzito kila asubuhi, saa ileile, kwenye mizani ileile? Kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na maji huonekana kwenye mizani kabla hayajaonekana miguuni. Ongezeko la zaidi ya kilo 2 katika siku 3 ni la kutolewa taarifa. Kwa nini furosemaidi inafuatiliwa kwa kupima potasiamu? Kwa sababu inatoa maji pamoja na chumvi na potasiamu. Na kwa nini hilo ni hatari kwa anayetumia digoksini? Potasiamu na digoksini hugombea sehemu moja kwenye pampu ya seli. Potasiamu ikipungua, digoksini inashika kwa wingi zaidi na sumu yake inajitokeza hata dozi ikiwa ya kawaida. Jibu la mkufunzi limeshapatikana: hesabu mapigo kwenye ncha ya moyo kwa dakika nzima, zuia digoksini kwa kuwa mapigo yako chini ya 60, usitoe furosemaidi kabla ya kumjulisha daktari kuhusu potasiamu iliyo chini, na umuulize mgonjwa kama ana kichefuchefu au anaona vitu vikiwa na rangi ya njano.

Jaribio zuri la mnyororo ni kuueleza kwa lugha ya mgonjwa. "Moyo wako umechoka kusukuma, maji yanabaki mwilini, ndiyo maana tunakupima uzito kila siku." Ukishindwa kusema hivyo bila kutumia neno hata moja la kitabuni, ujue kuna kiungo kimekatika, na mara nyingi unaweza kukitaja ni kipi.

Kuna jambo ambalo vyuo vingi havisemi waziwazi: si kila kilichomo kwenye kitabu kinapaswa kukaa kichwani. Kuna mafungu matatu. La kwanza ni yale ambayo yakihitajika hutapata muda wa kutafuta. Sukari ya damu iliyo chini ya 4 mmol/L: gramu 15 za sukari kwa anayeweza kumeza, pima tena baada ya dakika 15. Mtu mzima aliyepata mzio mkali: adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Kufufua moyo: mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, mikandamizo 30 kwa pumzi 2. Mama mwenye kifafa cha mimba anayepewa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege: kabla ya kila dozi angalia kama mguu unaruka goti likigongwa, anapumua mara ngapi, mkojo unatoka mililita ngapi kwa saa, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga sumu yake, iwe karibu. Haya yakaririwe hadi yatoke bila kufikiri.

Fungu la pili ni yale unayopaswa kujua yako wapi. Dozi za dawa zisizotumika mara kwa mara, namna ya kuyeyusha dawa fulani ya unga kabla ya kuichoma, dawa gani na gani hazichanganywi kwenye dripu moja. Hapa kukumbuka ni hatari kuliko kutokumbuka, kwa sababu kumbukumbu ya nusunusu humfanya mtu asiangalie mwongozo. Mwanafunzi anayekesha akikremu dozi za antibaotiki 30 anajenga tabia ambayo siku moja itamdhuru mtu.

Fungu la tatu, historia ya ugonjwa, nadharia, takwimu za maambukizi, soma uelewe na uendelee.

Dawa zenyewe zinastahili neno la ziada, maana ndizo zinazowavunja wengi moyo. Usisome dawa moja moja. Soma kundi, chagua dawa moja iwe mfano wa kundi, kisha kwa zile nyingine andika tofauti tu. Majina yenyewe yanasaidia: dawa za shinikizo la damu kaptoprili, enalaprili na lisinoprili zinaishia sawa, na zinashiriki kikohozi kikavu, kupanda kwa potasiamu, uvimbe wa midomo na ulimi, na katazo kwa wajawazito. Propranololi na atenololi zinapunguza mapigo ya moyo. Hapo jiulize swali moja zaidi: mgonjwa wa kisukari anayetumia propranololi, sukari yake ikishuka itakuwaje? Moyo kwenda mbio na kutetemeka vinaweza visionekane kwa sababu dawa imevifunika, jasho hubaki. Swali kama hilo linaunganisha sura tatu za kitabu kwa sentensi moja, na ukishalijibu mwenyewe halisahauliki kirahisi.

Kisha kuna kadi. Kadi ni chombo kizuri kinachotumiwa vibaya. Kadi yenye swali "Taja madhara ya furosemaidi" na nyuma yake mistari kumi na miwili haifai: utakumbuka saba, utajipa alama, na tano zilizobaki hutazijua kamwe. Kadi moja, jambo moja, na swali liwe na mgonjwa ndani yake. "Anatumia furosemaidi, anasema masikio yanavuma. Unawaza nini?" Jibu: dawa inaweza kudhuru usikivu, hasa ikichomwa haraka kwenye mshipa. Kadi 10 hadi 15 kwa sura zinatosha. Ukitengeneza 60, kufikia wiki ya tatu rundo litakushinda na utaliacha lote.

Kila namba kwenye kadi iandikwe na kipimo chake. Sukari ya 4 na sukari ya 70 zinaelekea kuwa kitu kimoja, ya kwanza kwa milimoli kwa lita, ya pili kwa miligramu kwa desilita. Kinachozitenganisha ni kuzidisha kwa 18. Mikrogramu ikisomwa miligramu, kosa ni mara 1,000. Na kwa kuwa vitabu havikubaliani katika baadhi ya mipaka (kiwango cha upumuaji cha kusimamisha magnesiamu salfeti hutajwa 12 na pengine 16), andika kwenye kona ya kadi namba hiyo umeitoa wapi, na wodini ufuate mwongozo wa pale ulipo.

Kuhusu lini urudie, mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba kusahau hutokea kwa kasi mwanzoni kisha hupungua. Kwa hiyo marudio ya kwanza yawahi na yanayofuata yasogee mbali. Mpangilio rahisi ni kesho yake, siku ya 3, ya 7, ya 14, ya 30. Mwandishi wa sayansi Sebastian Leitner alieneza mwaka 1972 utaratibu wa visanduku: kadi uliyoijibu inasogea kisanduku cha mbele kinachofunguliwa kwa nadra zaidi, uliyoikosa inarudi cha kwanza. Maboksi ya viatu yanatosha. Kila siku dakika 20 za kadi za zamani kabla ya kugusa ukurasa mpya. Bandu bandu huisha gogo, na hapa gogo ni kitabu cha kurasa elfu na kitu. Mtu akipatwa na shida ya kuruka siku mbili asijaribu kulipa deni lote kwa mkupuo. Apunguze kadi mpya hadi za zamani ziishe.

Hesabu za dawa zinafanywa, hazisomwi. Lita moja ya maji ya dripu kwa saa 8, mpira wenye matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata 41.67, yaani matone 42 kwa dakika. Kosa linalojirudia ni kugawanya kwa 8 badala ya 480, na jibu linakuja 2,500. Anayeshangaa mbele ya namba hiyo ameelewa. Anayeiandika na kwenda swali linalofuata amekariri fomula. Kabla ya kukokotoa kadiria: itakuwa makumi, mamia au maelfu? Kisha ibadilishe kuwa kitu cha kuonekana: matone 42 kwa dakika ni 10 au 11 kwa sekunde 15, kasi ambayo jicho linaweza kuihesabu kwenye chemba ya dripu. Hesabu tano kila siku kwa mwezi zina faida kuliko 150 za Jumamosi moja.

Maswali ya kuchagua yajibiwe huku machaguo yamefunikwa kwa karatasi. Sema jibu lako kwanza, funua, kisha eleza kwa nini kila chaguo lililobaki si sahihi, au lingekuwa sahihi kwa mgonjwa wa namna gani. Maswali 15 kwa njia hiyo yanachukua saa nzima na yanafaa kuliko 100 ya kukisia. Uliyokosa yaende kwenye daftari la makosa. Mali bila daftari huisha bila habari, na makosa nayo ni mali. Andika aina ya kosa: sikujua, nilijua nikachanganya, nilisoma swali vibaya. La kwanza linakurudisha kitabuni. La pili linataka kadi inayoweka vitu viwili kando kwa kando, kama dalili za sukari kupanda na kushuka. La tatu halitibiwi kwa kusoma zaidi. Linatibiwa kwa kupigia mstari neno linalobeba swali, kama "kwanza" au "isipokuwa".

Vifupisho vya kukaririsha vina kazi yake, mradi mtu ajue mpaka wake. Sababu nne za mama kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua (kizazi kulegea, majeraha, mabaki ya kondo la nyuma, damu kutoganda) zinashikika kwa kifupisho chochote utakachojitungia. Lakini kifupisho hakisemi kwamba kizazi kulegea ndiyo sababu ya mara nyingi zaidi, na kwamba unapoita msaada mkono wako unapaswa kuwa tayari tumboni ukikikanda.

Diskasheni za watu wanane ni mazungumzo. Watatu au wanne wanatosha, kila mmoja aje na karatasi yake aliyoiandika kitabu kikiwa kimefungwa, mmoja awe mgonjwa, mwingine muuguzi, wa tatu ashike kitabu na kusahihisha. Na kukesha kuachwe: kumbukumbu huimarika usingizini, kwa hiyo anayekata usingizi ili aongeze kurasa anapunguza zile alizokwisha kuzisoma.

Lawama nyingine si ya mwanafunzi. Mkufunzi anayesema "someni sura ya 12 hadi ya 15" kisha akatunga mtihani wa kutaja na kuorodhesha amewafundisha watu kupaka rangi. Kinachohitajika hakigharimu kitu. Kila kipindi kianze na maswali matano, vitabu chini, dakika 6, bila alama: moja la kusoma kwa leo, matatu ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita, na yote yawe na mgonjwa ndani yake. Majibu yajadiliwe palepale, na lile lililokosewa na nusu ya darasa lirudi wiki inayofuata likiwa na mgonjwa mwingine.